Jina Lililoitwa Sokoni Kola

Pauline Kasiva alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka arobaini na mitatu, na watu wa Masii wakapata cha kutazama kwa miezi miwili.

Kila Jumapili baada ya misa, yeye na mumewe, Josphat Maundu, walikwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kasiva alivaa suruali chini ya sketi, na Maundu akasukuma baiskeli ya mtumba aliyomnunulia Machakos mjini. Maundu alishika kiti kwa nyuma akakimbia naye, akihema na kupiga kelele: "Tazama mbele! Wacha kutazama gurudumu!" Kasiva alianguka, akainuka, akaanguka tena. Jumapili ya tano aliuzunguka uwanja mzima akiamini mume yuko nyuma yake ameshika kiti. Alipogeuka alimwona amesimama mbali kule langoni, mikono kichwani, anacheka hadi machozi yanamtoka.

Hata leo, pamoja na yote yaliyotokea, Kasiva hawezi kusema kwamba mtu yule hakumpenda. Angeweza kusema hivyo, angelala vizuri zaidi.

Kasiva alikuwa fundi wa nguo. Kibanda chake kilikuwa kando ya soko, na wazazi wengi kutoka Masii hadi Mwala walimletea watoto wao kupimwa sare za shule. Wote walimwita Fundi. Ukambani mwanamke akishazaa jina lake mwenyewe huwekwa pembeni. Anakuwa Mama Mutheu au Mama Nzioka, na mumewe naye anakuwa Baba huyo huyo. Kasiva na Maundu walikaa katika ndoa miaka ishirini na mmoja wakiitana Kasiva na Maundu.

Si kwamba hawakubahatika kabisa. Mimba tatu ziliharibika. Ya nne ilifika miezi saba, akazaliwa msichana mdogo anayetoshea kwenye viganja viwili, akaishi siku mbili, akafa kabla ya siku ya kupewa jina. Angeishi, angeitwa Kalondu, jina la mama yake Maundu, maana kwa Wakamba binti wa kwanza huchukua jina la nyanya yake wa upande wa baba, na mvulana wa kwanza la babu yake. Kasiva hakumwambia mtu, lakini moyoni alimwita Kalondu, na hakuacha kumwita hivyo.

Kalondu mwenyewe, yaani mama mkwe, hakuwahi kumrushia neno. Wake wengine wasiozaa walisemwa visimani na mazishini. Kasiva aliletewa mayai na ndizi, akawekewa mkono begani. Bibi huyo alipougua figo, Kasiva alimhamishia nyumbani kwake, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko kwa miezi saba mpaka siku aliyofariki. "Mwana wakwa," bibi alikuwa akimwambia, yaani mwanangu.

Maundu alikuwa fundi wa pampu za visima. Alizunguka na pikipiki kila mahali palipochimbwa kisima, leo Mwala, kesho Yatta, keshokutwa Kola, akilala huko siku mbili tatu, wakati mwingine wiki. Mke wa fundi wa pampu huzoea. Kasiva alipika kidogo, akashona sana, na mume akirudi alimpokea kwa maji ya moto na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

Wazo la safari lilikuwa la Kasiva. Mwaka uliotangulia, kijana na mkewe kutoka Nairobi walisimama kibandani kwake na baiskeli zao, suruali ya kijana imechanika matakoni. Wakati Kasiva akiishona, mke wa yule kijana alimweleza kwamba wamekuwa njiani siku tano, wanazunguka milima ya Ukambani wakitazama tu. "Mnatazama nini?" Kasiva aliuliza. Yule msichana akacheka: "Kila kitu, mama. Nyinyi mnaishi mahali pazuri hamjui."

Maneno hayo yalimkaa. Nyanya yake mzaa mama alizaliwa milima ya Mbooni na alikufa akiisimulia, mito yake, baridi yake, matuta yaliyopandwa viazi hadi karibu na mawingu. Kasiva hakuwahi kufika. Jioni hiyo akamwambia Maundu, nusu kwa mzaha, kwamba anataka kwenda kutazama. Maundu aliweka kijiko chini. "Tutaenda," akasema. "Haki tutaenda. Nitakufundisha baiskeli."

Wakaondoka Agosti, shule zimefungwa, baridi imeshika. Majirani walitoka kuwaaga kama watu wanaokwenda ng'ambo. Nzembi, muuza mboga wa kibanda cha jirani, alimfungia Kasiva shuka kwenye kiti cha nyuma akasema, "Mkichoka mlale njiani, msirudi na aibu."

Siku ya kwanza ilikuwa barabara ya kwenda Machakos mjini. Mashamba yalikuwa yamekauka, mbuzi wamesimama kwenye kingo, mikokoteni ya punda ikibeba mitungi ya maji. Malori yaliwapita kwa kishindo, Kasiva akishika usukani kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Maundu aliendesha upande wa katikati ya barabara ili Kasiva akae ukingoni. Walifika mjini miguu inatetemeka, wakala wali na nyama hotelini wakitazamana na kucheka bila sababu.

Siku ya pili walipanda milima ya Mua. Waliposhindwa kupanda walishuka wakasukuma, waliposhindwa kusukuma wakakaa chini. Bustani za matunda zilitiririka kwenye miteremko na ukungu ulikuwa unapita kati ya miti kama moshi wa jikoni. Juu kabisa ukungu ulipofunguka, wakaona tambarare yote ya Athi imelala chini yao, na mbali, kama vijiti vilivyochomekwa ardhini, majengo ya Nairobi. Maundu alimenya chungwa, akampa nusu kubwa.

"Umefurahi?" akauliza.

"Nimefurahi mpaka naogopa," Kasiva akajibu.

Maundu alitazama chini kwa muda mrefu, maganda yangali mkononi. Kasiva alidhani ni uchovu.

Mpango wa Maundu ulikuwa warudi kesho yake kwa njia waliyoijia. Jioni hiyo, wakinywa chai mjini, Kasiva akasema yeye hajaona Mbooni bado.

"Mbooni ni mbali."

"Nimeuliza mwenye hoteli. Anasema tukipita Kola, tunapanda milimani, tunalala Kikima, keshokutwa tunateremkia Tawa mpaka nyumbani. Ni mzunguko tu."

"Barabara ya Kola iko na malori mengi."

"Kuliko hii tuliyopita?"

"Kasiva, miguu yangu imechoka."

"Wewe? Wewe ndiye ulikuwa unanisukuma." Akamshika mkono juu ya meza. "Maundu, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Naomba hiki."

Maundu aliutazama ule mkono. Akasema sawa.

Asubuhi ya siku ya tatu Maundu alivaa kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi, na juu yake helmeti. Aliendesha haraka kuliko siku zote. Walipokaribia soko la Kola alimwambia Kasiva bila kugeuka, "Hapa tusisimame, tutapumzika mbele." Lakini jua lilikuwa limetoka, Kasiva alikuwa na kiu, na kando ya barabara alikuwepo mama mmoja mnene mwenye rundo la ndizi mbivu juu ya gunia. Akasimama. Maundu alikwenda mbele kama hatua mia, akageuka akaona mkewe hayupo nyuma yake. Kasiva alimwona amesimama kule, mguu mmoja chini, hasogei. Kisha akarudi polepole.

"Za asubuhi, mama," Kasiva alimwambia muuzaji. "Nipe hizo sita."

Yule mama alikuwa anazifunga kwenye gazeti alipoinua macho, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Baba Kalondu! Ai, leo uko na baiskeli? Pikipiki imeharibika?" Hakungoja jibu. "Watoto hawajambo? Kalondu amepita hapa sasa hivi na mamake, wameenda posho mill kusagisha unga. Ukiharakisha utawapata."

Maundu aliinama kushika mnyororo wa baiskeli yake.

"Na huyu ni mgeni wako?" mama akauliza kwa ukarimu. "Karibu Kola, dada."

"Asante," Kasiva akasema. Alilipa, akapokea ndizi, akaziweka kwenye kikapu cha mbele, akazipanga vizuri zisipondeke. Mikono yake ilifanya kazi hiyo yote bila yeye. Akapanda baiskeli akaondoka.

Angekuwa mtoto mwenye jina jingine lolote, huenda angejidanganya kwa muda. Angesema yule mama amemfananisha Maundu na mtu mwingine. Lakini Kalondu! Hakuna mtu wa Kola anayeweza kulibuni jina la Kalondu na kumbandikia mume wake.

Nyuma yake Maundu alikuwa anaita. "Kasiva! Kasiva, ngoja!" Hakungoja. Barabara iliacha lami ikaanza kupanda, vumbi jekundu na kokoto, na Kasiva, ambaye jana alikuwa anashuka kila kilima kuisukuma baiskeli, alipanda akiwa amekaa, akikanyaga pedali hadi mapaja yakawaka. Hakulia. Alikuwa anahesabu miaka. Mwaka gani kisima cha Kola kilichimbwa. Mwaka gani Maundu alianza kulala huko wiki nzima. Mwaka gani alirudi na zawadi ya kitenge bila sikukuu.

Mlima ulipomshinda alishuka, akailaza baiskeli kwenye nyasi, akakaa kwenye jiwe. Chini yake bonde lilishuka tuta kwa tuta, kijani juu ya kijani, mto ukimeta katikati, jinsi nyanya yake alivyosimulia. Maundu alifika akaacha baiskeli ianguke.

"Kalondu ana miaka mingapi?" Kasiva aliuliza.

"Kasiva..."

"Nimeuliza miaka."

"Minane."

"Yule mama alisema watoto."

Maundu alichuchumaa mbele yake. Alikuwa analia tayari, na jambo hilo lilimchukiza Kasiva, kwamba hata kulia alimtangulia. "Wawili," akasema. "Kuna mvulana wa miaka mitatu. Anaitwa Ngui."

Ngui lilikuwa jina la baba yake Maundu.

"Umemaliza majina yote," Kasiva akasema. "Hata moja hukunibakishia."

Maundu akamweleza. Mwanamke aliitwa Kamanthe, alikuwa katika kamati ya kisima cha Kola. Mwanzoni ilikuwa chakula tu, fundi lazima ale. Baadaye Kamanthe akapata mimba, na mimba ikakaa. "Nilitaka kukuambia," Maundu alisema. "Kila mwaka nilikuwa nikisema mwaka huu. Hata safari hii. Nilisema tukiwa huko milimani, peke yetu, nitamwambia."

"Ungeniambia saa ngapi? Ukinimenyea chungwa?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

"Kwa hivyo kosa ni furaha yangu."

"Sikuwahi kukuacha, Kasiva. Hata siku moja."

"Ni kweli. Afadhali ungeniacha. Ningekuwa na miaka thelathini na minne, si arobaini na minne."

Mzee mmoja akipita na ng'ombe wawili aliwasalimu, "Mwĩ aseo?" yaani hamjambo, na wote wawili wakamjibu kwa adabu kama watu waliokaa kupumzika. Alipopita, Kasiva akasimama, akapangusa vumbi kwenye suruali.

"Rudi," akamwambia. "Kutoka hapa hadi kwao ni mteremko mtupu. Utawakuta wametoka posho mill."

"Huwezi kwenda peke yako. Hujui njia. Breki zako hazijakazwa vizuri, nilitaka kuzikaza leo..."

"Maundu. Rudi."

Alimfuata hata hivyo, kwa mbali. Kila Kasiva alipogeuka aliona helmeti ile nyeupe kwenye kona ya chini. Baada ya saa nzima aligeuka akaona barabara tupu.

Alianguka kwenye mteremko wa kwanza mrefu. Gurudumu la mbele liliingia kwenye kokoto, usukani ukageuka, akaburuzika kwa magoti na viganja. Wanawake watatu waliokuwa wakitoa magugu shambani walikimbia wakamwinua, wakamwosha magoti kwa maji ya kibuyu, wakimpa pole kwa pamoja. Mmoja aliinua shingo kutazama barabara juu na chini.

"Uko peke yako, dada? Bwana ako wapi?"

"Niko peke yangu," Kasiva akasema. Alijisikia akiyasema maneno hayo kwa Kiswahili, kisha wanawake wakaongea wao kwa wao kwa Kikamba, wakidhani ni mgeni wa mbali asiyeelewa. Walisema: maskini, amelia tangu chini. Alijigusa mashavu, akakuta ni kweli.

Alilala Kikima kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Asubuhi aliamkia ukungu, miti ya kahawa, vilima vinavyofuatana hadi macho yanachoka. Yote aliyosimuliwa yalikuwepo, na mazuri zaidi. Aliyatazama kwa sababu alikuwa amekuja kuyatazama. Kisha akateremka Tawa, mkono wa kulia umevimba, na alasiri akaingia Masii akisukuma baiskeli. Nzembi alikuwa kwenye mboga zake. Aliona magoti, akaona hakuna Maundu, akaacha wateja wake akaja kumpokea usukani bila swali.

Maundu alikuja baada ya siku nne na wazee wawili. Kaka yake Kasiva, Nzau, alialikwa pia, na kwa mshangao wa Kasiva, Nzau ndiye aliyezungumza kwa upole zaidi upande wa Maundu. "Dada, hajasema anakufukuza," akamwambia. "Wewe ndiye mke mkubwa. Huyo wa Kola yuko chini yako, na wale watoto ni wako pia, watakuzika."

"Sitaki mtu chini yangu," Kasiva akasema. "Na sitaki kuzikwa na mtoto aliyechukua jina la mtoto wangu."

Wazee hawakuelewa ni mtoto gani. Maundu alielewa. Aliinamisha kichwa, na kikao kikaishia hapo ingawa maneno yaliendelea hadi jioni.

Maundu akahamia Kola. Nguo zake alizibeba kwa pikipiki safari mbili. Kasiva aliendelea kushona. Baiskeli alimpa katekista. Watu walimuuliza kidogo, kisha wakaacha, na wateja wengine wakaanza kumlipa mapema, jambo ambalo lilimuumiza kuliko maswali.

Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, Maundu alikuja kibandani. Alikuwa amekonda. Hakuja kuomba kurudi, alisema, alikuja kumjulia hali. Kasiva alikuwa anapindisha sketi ya sare. Hakuinua macho. Lakini kulikuwa na swali lililokuwa limemkaa kooni tangu Agosti, swali ambalo aliliogopa kuliko yote aliyouliza kule mlimani, na siku hiyo likatoka.

"Mama alijua?"

Cherehani ikasimama.

"Alijua," Maundu akasema.

"Alikuambia nini?"

"Alilia. Akaniambia nisikuambie, utakufa. Kisha akasema anataka kumwona mtoto kabla hajaondoka." Akageukia mlango. "Nilimleta. Siku ya soko, wewe ukiwa hapa kibandani. Alikuwa bado mchanga. Mama alimbeba."

"Akiwa kwangu?"

"Ndiyo."

"Kwenye kile kitanda?"

Maundu aliitikia kwa kichwa.

Kasiva aliona yote kwa mara moja: shuka alizozifua asubuhi ile, mto aliouinua yeye mwenyewe ili bibi apumue vizuri, na mikono ile iliyokonda, iliyokuwa inatetemeka hata kushika kikombe, ikipata nguvu za kubeba mtoto. Na jioni yake yeye amerudi, amepasha uji, amepuliza, amemlisha kijiko baada ya kijiko, na bibi akimtazama usoni, akisema mwana wakwa.

"Nenda, Maundu," akasema. "Nenda, watu wanangoja sare zao."

Aliondoka. Kasiva aliirudia sketi, akamaliza pindo, akakata uzi. Mwenye sketi alikuja, akamjaribishia mtoto, ikamkaa sawa, akashukuru. Kisha Kasiva akashusha mlango wa kibanda mchana wa jua kali, siku ambayo soko zima lilikuwa linauza, akakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

Nzembi alimsikia akilia kutoka kwenye mboga zake. Alisema baadaye kwamba alidhani kuna msiba, kwamba mtu amepiga simu. Alisukuma mlango akaingia, akamkuta ameufunika uso kwa sweta la mtoto.

"Ni huyo mwanamume? Amekufanya nini tena?"

Kasiva akatikisa kichwa. Kwa Maundu alikwisha kulia, njia nzima ya Mbooni. Huyu aliyekuwa akimlilia sasa alikuwa bibi aliyezikwa miaka saba iliyopita, mtu pekee katika boma lile aliyemwita mwanangu, na hakukuwa na mahali pa kwenda kumuuliza kwa nini.

"Ni mama yangu," akasema. "Nzembi, ni mama yangu."

Nzembi, aliyejua kwamba mama mzazi wa Kasiva yuko hai na mzima huko Mwala, hakumsahihisha. Alikaa naye sakafuni mpaka soko likafungwa.